IETF, W3C, 3GPP na wenzao: mlango ulio wazi si sawa na kiwango kisicho na mrabaha

Anayetaka kuchangia kwenye viwango vya teknolojia huuliza kwanza: naweza kuingia wapi bila kulipa? Swali halali, lakini ukiishia hapo utapotea. Lipo la pili, ambalo wengi hukutana nalo bidhaa ikiwa imeshaingia sokoni: kiwango kikikamilika, nani atakuwa na haki ya kunidai kwa sababu ya hataza zake, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi wake?

Majibu ya maswali hayo mawili hayaendi pamoja. Chombo chenye mlango mpana kuliko vyote hakikuahidi kwamba utaitumia kazi yake bure. Kimojawapo kinachotoza ada ya uanachama ndicho chenye ahadi imara zaidi ya kutodai mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza. Haya si mambo ya bahati, na sababu yake ikieleweka, kuchagua kunakuwa rahisi.

Ninavyolinganisha hapa ni IETF, waandishi wa itifaki za intaneti kama TCP, DNS na QUIC. W3C, wa wavuti. Na ETSI pamoja na 3GPP, wa mitandao ya simu. IEEE ya Wi-Fi na ITU ya Umoja wa Mataifa nitazipitia harakaharaka.

IETF: hakuna wanachama, kwa hiyo hakuna wa kufungwa

IETF ilianza Januari 1986 huko San Diego, Marekani, kwa kikao cha watu 21. Mpaka leo haina uanachama. Hakuna fomu ya kujiunga wala ada ya mwaka, na kampuni haina kiti. Unajiandikisha kwenye orodha ya barua pepe ya kikundi kazi, unasoma rasimu, unatoa hoja. Mhandisi wa Google na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mujibu wa kanuni, kila mmoja ni mtu mmoja tu. Kura hazipigwi. Mwaka 1992 David Clark, mmoja wa wabunifu wa mapema wa intaneti, alitoa kauli ambayo imebaki kuwa kama kiapo cha wenyewe: wanakataa wafalme, marais na kupiga kura, wanaamini mwafaka wa jumla na programu inayofanya kazi. Mkutanoni mwenyekiti huweza kuwaomba watu wavumishe sauti midomo ikiwa imefumbwa, apime upande upi una uzito, kisha jambo hilo hurudishwa kwenye barua pepe lithibitishwe.

Kule kurudishwa kwenye barua pepe ndiko kunakomfaa mtu aliyeko Mwanza au Bujumbura. Mikutano mikubwa ni mitatu kwa mwaka, na ukijumlisha nauli, hoteli na viza, wengi wetu tunaishia kuisoma tu. Lakini neno la mwisho halitolewi ukumbini, na anayeshiriki kwa mtandao anaweza kuomba asamehewe ada ya mkutano. Nisipake rangi, hata hivyo. Anayekutana na waandishi wa rasimu kila baada ya miezi minne ana ushawishi ambao barua pepe haimpi mtu, na mara nyingi huyo ni mwajiriwa wa kampuni inayomlipia safari.

Sasa hataza. Kanuni inayotumika imo ndani ya RFC 8179 ya mwaka 2017 (RFC ni jina la hati rasmi za IETF), na kiini chake ni neno moja: kufichua. Ukichangia wazo, na wewe binafsi unajua kwamba wewe au mwajiri wako ana hataza au maombi ya hataza yanayoligusa, ni lazima useme. Hata ukishiriki tu katika mjadala wa wazo la mwingine huku ukijua mwajiri wako ana hataza juu yake, ni hivyohivyo: sema, au ujiondoe kwenye mjadala. Hulazimiki kupekua kabati la hataza za kampuni yako. Kanuni pia haimlazimishi mwenye hataza kutoa leseni bure, wala hata kutaja masharti. Ufichuzi huwekwa hadharani, na kikundi kazi huamua chenyewe kama kiendelee na teknolojia hiyo au kitafute nyingine.

Hapa ndipo wageni hushangaa. Intaneti yote hii inayosifiwa kwa uwazi, halafu haina sharti la kutodai mrabaha? Haina. Na nadhani isingeweza kuwa nalo kwa urahisi. Kamati ya harusi humdai mchango aliyeandika ahadi kwenye kadi. Jirani aliyepita na kutoa ushauri mzuri wa ukumbi hadaiwi kitu. IETF imejaa majirani wa namna hiyo. Kampuni haikutia saini popote; mtu wake ndiye aliyeandika barua pepe. Unaweza kumtaka mtu huyo aseme anachokijua. Kuifunga kampuni yake kugawa hataza zake zote zinazohusika ni jambo jingine kabisa.

Mfumo huu umewahi kuvunjika hadharani. Mwaka 2004 kikundi kazi cha MARID kilikuwa kinatafuta njia ya kuthibitisha kwamba barua pepe kweli imetoka kwa anayedai kuituma. Microsoft ilileta Sender ID, ikiwa na maombi ya hataza na leseni ambayo watu wa programu huria, wakiwemo Apache Software Foundation na Debian, walisema hawawezi kuikubali. Kikundi kilifunguliwa mapema mwaka huo, na kufikia Septemba kilikuwa kimefungwa bila mwafaka. SPF, teknolojia iliyokuwa upande wa pili wa mvutano, ilikuja kukubaliwa kuwa kiwango kilichopendekezwa mwaka 2014. Miaka kumi ya barua taka ni bei kubwa.

Pia umewahi kufanikiwa vizuri sana. Kodeki ya sauti, yaani njia ya kubana sauti na kuifungua, iitwayo Opus ilitoka Septemba 2012 kama RFC 6716. Waliotoa teknolojia yake, yaani Xiph.Org, Skype na Broadcom, walitangaza leseni isiyo na mrabaha. Qualcomm na Huawei zilifichua hataza walizodhani zinaigusa. Kikundi kikaendelea, na leo ujumbe wako wa sauti wa WhatsApp unasafiri ndani ya Opus. Angalia lakini kilichofanya iwe bure: wachangiaji walitaka iwe hivyo tangu mwanzo, na walikuwa na nguvu ya kutosha ndani ya kikundi. Kanuni ya IETF haikuwalazimisha.

W3C: unalipa kuingia, na ukishaingia unatoa ahadi

W3C iliundwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti. Ni chombo cha wanachama, na wanachama ni mashirika. Ada hupangwa kwa kuangalia mapato ya shirika na nchi yake, kwa hiyo kampuni ndogo ya Kampala haitozwi sawa na jabali la California. Hata ikipunguzwa, bado ni ada, na hapa tayari IETF imeshinda kwa upande wa mlango.

Ila hali si mbaya kama inavyoonekana kwa mbali. Karibu kazi zote za kiufundi hufanyika hadharani kwenye GitHub, jukwaa la mtandaoni la kuandika programu kwa pamoja, na mtu yeyote anaweza kuripoti kasoro. Mtu asiyeajiriwa na mwanachama anaweza kualikwa kikundini kama mtaalamu mwalikwa, bila ada. Tangu 2011 pia vipo vikundi vya jumuiya ambavyo yeyote hujiunga bure kwa kukubali mkataba wa uchangiaji. Kinachoandikwa humo si kiwango bado, ni wazo lililoiva kiasi cha kupelekwa kwa kikundi kazi. Lakini mambo mengi ya wavuti yameanzia hapo.

Kwenye hataza W3C haina mpinzani kati ya hivi vyombo vikubwa. Haikuzaliwa hivyo. Mwaka 2001 ilitoa rasimu ya sera iliyoruhusu baadhi ya viwango vya wavuti kuwa na mrabaha wa "kiasi". Watengenezaji wa programu huria walikuja juu, maoni yakamiminika kwa maelfu, na W3C ikageuka. Sera iliyoanza kutumika Februari 2004 inasema hivi kwa ufupi: shirika likiingia kwenye kikundi kazi, linaahidi kwamba hataza zake ambazo huwezi kutekeleza kiwango hicho bila kuzigusa zitatolewa leseni bila mrabaha, kwa yeyote anayekitekeleza. Asiyetaka ana siku 150 tangu rasimu ya kwanza kutangazwa za kutaja hataza mahususi anayotaka kuitoa nje ya ahadi. Akiitaja, jopo maalumu hukaa kutafuta njia ya kuikwepa.

Ona tofauti. IETF inakuuliza unajua nini. W3C haijali unajua au hujui. Hataza ikiwa ni yako na ni ya lazima, na hukuitaja kwa wakati, ahadi imekukamata. Kampuni haiwezi kusema baadaye kwamba mhandisi wake hakuwa na habari.

Ila ahadi hiyo ina mipaka miwili ambayo wapenzi wa W3C husahau kuitaja. Inawafunga walioingia kwenye kikundi hicho, si wanachama wote wa W3C. Na haimgusi kabisa aliye nje. Mwaka 2003, wakati sera ikikamilishwa, mahakama ya Marekani iliamuru Microsoft iilipe kampuni ya Eolas na Chuo Kikuu cha California takriban dola milioni 521 kwa hataza iliyohusu kuendesha programu ndogo ndani ya kurasa za wavuti. Eolas hawakuwa wamemwahidi mtu yeyote chochote. Baada ya safari ndefu ya rufaa na mapatano, baraza la wazee wa mahakama huko Tyler, Texas, mwaka 2012 lilitamka kwamba madai ya hataza hiyo ni batili, Berners-Lee mwenyewe akiwa miongoni mwa mashahidi. Sera nzuri hupunguza maadui; haiwamalizi.

Niitaje na WHATWG, kwa sababu HTML yenyewe, lugha ya kurasa za wavuti, iko huko siku hizi. Ilianzishwa 2004 na watu wa Apple, Mozilla na Opera, na tangu mapatano ya 2019 na W3C ndiyo inayoandika HTML na DOM, yaani namna programu inavyousoma na kuubadilisha ukurasa. Kuchangia ni bure, unakubali mkataba wenye ahadi ya hataza, basi. Kwa karatasi inaunganisha mlango wa IETF na ahadi ya W3C. Kwa vitendo, kamati yake ya uongozi ni Apple, Google, Microsoft na Mozilla, na jambo ambalo watengenezaji wa vivinjari hawataki halipiti. Mimi sioni hilo kuwa aibu, maana kiwango kisichotekelezwa na kivinjari chochote ni karatasi tu. Ila usijidanganye kwamba umeingia mahali ambapo wote ni sawa.

ETSI na 3GPP: viwango vya kusoma bure, vya kutengeneza kwa kulipa

Hapa mtu binafsi hana mlango. 3GPP, iliyoundwa 1998, ni ushirika wa mashirika saba ya viwango kutoka Ulaya, Marekani, China, Japani, Korea Kusini na India. Kampuni hushiriki kwa kuwa mwanachama wa mojawapo. Kwa wengi hilo ni ETSI, lenye makao Sophia Antipolis, Ufaransa. Hati zake zote unazipakua bila kulipa, na hilo huwachanganya watu. Kusoma kiwango cha 5G ni bure. Kutengeneza simu ya 5G si bure hata kidogo.

Sera ya ETSI inamtaka mwanachama ajitahidi kufichua hataza zake za lazima mapema, kisha atamke kama yuko tayari kutoa leseni kwa masharti ya haki, ya kiasi na yasiyobagua, yale yanayojulikana kama FRAND. Kiasi ni kiasi gani? Sera haisemi. ETSI pia haikagui kama hataza iliyotangazwa kweli ni ya lazima, kwa hiyo hifadhidata yake ya matamko imejaa vitu vya uhakika na vya kujihami kwa pamoja.

Bei zilizotangazwa na wenyewe zinatoa picha. Mwaka 2017 Ericsson ilitaja dola 5 kwa simu ya 5G ya bei ya juu, na hadi dola 2.50 kwa ya bei ya chini. Nokia mwaka 2018 ikasema yuro 3 kwa simu. Huawei mwaka 2021 ikaweka kikomo cha dola 2.50. Qualcomm hutoza asilimia ya bei ya simu, hadi 3.25, ikihesabu bei isiyozidi dola 400. Hizo ni bei za ukutani. Mikataba halisi hujadiliwa faraghani na mara nyingi hushuka. Lakini hao ni wanne tu, na foleni ni ndefu. Mwenye kutengeneza simu ya dola 1,000 hatikisiki. Mwenye kutengeneza ya dola 80 anaona faida yake ikiliwa.

Ndiyo maana jambo hili linatuhusu huku. Tecno, Infinix na itel, simu zilizojaa mikononi mwa watu kuanzia Kariakoo hadi Goma, ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Mwaka 2024 Qualcomm iliishtaki Transsion nchini India kwa madai ya hataza. Hataza ni ya nchi kwa nchi: isiyosajiliwa KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya jijini Nairobi, wala kupitia ARIPO, shirika la kikanda lililoko Harare, kwa kuitaja Kenya, haina nguvu Kenya. Basi mwenye hataza haji kukutafuta Athi River. Anakungoja kwenye soko kubwa unalolihitaji, na mahakama ya huko. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi iliyoanzishwa na Unwired Planet dhidi ya Huawei, ilikwenda mbali zaidi ikakubali kwamba mahakama za Uingereza zinaweza kupanga masharti ya leseni ya dunia nzima.

Mtetezi wa FRAND atakuambia kwamba bila mrabaha hakuna ambaye angetumia mabilioni kutafiti redio. Ana hoja. Utafiti wa antena na mawimbi ni ghali kuliko kubuni lebo mpya ya HTML, na watafiti wengine hawatengenezi simu za kuwarudishia gharama. Ninachokataa ni kuita mfumo huo "wazi" bila kuongeza maneno.

IEEE na ITU

Vikundi vya IEEE 802, vilivyoleta Wi-Fi, huhesabu watu binafsi, na haki ya kupiga kura unaipata kwa kuhudhuria vikao kadhaa. Kwa asiye na mwajiri wa kumlipia, hilo ni ukuta hata kama halina jina la ada. Mwenye hataza huombwa barua ya uhakikisho, kwa kawaida yenye masharti ya kiasi, na mrabaha unaruhusiwa. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, lilivuna mamia ya mamilioni ya dola kwa hataza yake ya Wi-Fi. Mwaka 2015 IEEE ilijaribu kubana sera hiyo kwa manufaa ya watengenezaji wa vifaa, na baada ya mvutano ikalegeza tena mwaka 2022.

ITU ni ya serikali. Nchi zetu zina viti kupitia mamlaka za mawasiliano, kama TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, na vyuo vikuu vina daraja lao la uanachama. Sera ya hataza ambayo ITU inaitumia pamoja na mashirika ya viwango ya ISO na IEC humpa mwenye hataza visanduku vitatu: natoa bure, natoa kwa masharti ya kiasi, au sitoi, na akichagua cha tatu kifungu chake hakiingii. Kodeki ya video ya H.265, ya 2013, ilipita humo kihalali, kisha wenye hataza wakagawanyika katika makundi matatu tofauti ya kutoza. Kampuni zilizochoka, zikiwemo Google, Netflix na Mozilla, zikaunda muungano wao mwaka 2015 na kutoa AV1 mwaka 2018 kwa ahadi ya kutodai mrabaha. Muda si mrefu Sisvel, kampuni ya kukusanya mrabaha, ikatangaza kundi la kutoza AV1 kwa niaba ya watu ambao hawakuwa wameahidi chochote. Ni kisa cha Eolas kwa sura nyingine.

Basi uende wapi?

Ukiwa mtu mmoja mwenye ujuzi wa mitandao na huna wa kukulipia, nenda IETF bila kusita. Anza kwa kupitia rasimu za wengine. Mapitio makini ni adimu, na mwandishi wa rasimu hamsahau aliyemwonyesha kosa. Kabla ya kujenga bidhaa juu ya RFC yoyote, tafuta namba yake kwenye ukurasa wa ufichuzi wa IETF. Ukikuta tamko la kampuni lisilotaja leseni, lichukue kama onyo.

Ukiwa na wazo la wavuti, kikundi cha jumuiya cha W3C kinakufaa kuliko kuomba uanachama. Kampuni ndogo ya programu ninayoijali ningeishauri isilipe ada ya W3C mpaka iwe na mtu wa kukaa kikundini kila wiki. Ahadi ya hataza inakulinda wewe mtekelezaji hata usipokuwa mwanachama. Unacholipia ni nafasi ya kuongoza mjadala.

Chuo kikuu chenye maabara ya redio kinaweza kuitazama ETSI kwa makini, hasa kama kina hataza zake, kwa sababu hapo ndipo hataza ina thamani ya fedha. Kiwanda cha kuunganisha simu hakina chombo cha kuchagua: fedha ambazo kingelipa ada kizitumie kwa mwanasheria atakayehakikisha mkataba wa kununua chipu na bodi unasema wazi nani analipa mrabaha kifaa kikivuka mpaka. ITU waachie mamlaka, ila uwaulize wanakwenda kutetea nini.

Na popote utakapoingia, soma kwanza mkataba wako wa ajira. Kanuni ya IETF ya kufichua inahesabu hataza za mwajiri, si zako tu, na mikataba mingi humpa mwajiri umiliki wa uvumbuzi wako hata ule wa usiku. Mtaalamu mwalikwa wa W3C naye hutia saini kwa jina lake, na ikiwa uvumbuzi si mali yake hana cha kuahidi. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kutuma barua pepe ya kwanza, kwa sababu hifadhi za barua hizo ni za hadhara na hazifutwi.